Duara Lililofutwa

Jumamosi ile Mwalimu Subilaga Mwakalonge aliingia darasani na furushi la karatasi kwapani, na wanafunzi wakaanza kuguna kabla hajaliweka mezani. Siku zote nyingine za juma walijifunza hali ya hewa kwenye vioo, wakiyagusa mawingu kwa kidole na kuyageuza kama chapati. Halafu inakuja Jumamosi, na mama huyu anawagawia penseli na kifutio na kuwataka wachore ramani kama walivyochora babu zao. Somo lake walilipa jina la Makumbusho. Alijua, na wala halikumuudhi. Aliwaambia kwamba makumbusho yake hayafungwi umeme unapokatika.

Chuo cha Ukangu kilikaa juu kabisa ya mlima, kwenye baridi na misitu ya misindano. Upande wa mashariki ardhi ilishuka hadi bonde la Mbangala, upande wa magharibi hadi bonde la Nyalwela, na katika kila bonde palikuwa na mji kando ya mto. Mlimani kwenyewe hapakuwa na mtu zaidi ya wanachuo na nyani. Kwenye kingo za mabonde yote mawili ilisimama mizinga ya joto, ile minara inayopasha hewa ya juu. Hewa ikipashwa joto hupanda, nafasi yake hubaki pungufu, na mawingu ya jirani hukimbilia kuijaza. Ndivyo mvua ilivyokuwa ikihamishwa kutoka kata moja kwenda nyingine, kwa ratiba. Mfumo ulioigawa ulikuwa na jina rasmi refu mno kwa kinywa cha mtu mwenye njaa, kwa hiyo watu waliuita Bwana Shamba.

Tangu Bwana Shamba aje, wanafunzi hawakusema tena kwamba mvua inatarajiwa. Walisema imepangwa.

Namba za Jumamosi zilikuja kwa redio ya upepo, kutoka kwa wapimaji wa vituo vya hali ya hewa ambao serikali ilisahau kuwaachisha kazi. Mmoja baada ya mwingine walitaja mgandamizo wa hewa waliousoma kwenye vipimo vyao asubuhi hiyo, na kila mwanafunzi akaiandika namba mahali pake kwenye karatasi. Kazi iliyobaki ilikuwa kupitisha mistari, kila mstari ukiunganisha sehemu zenye mgandamizo sawa. Mistari ikiachana, hewa imetulia. Ikibanana, kuna upepo. Ikijifunga duara na namba zikizidi kushuka kuelekea katikati, hapo hewa inanyonywa kwenda juu, na wanaoishi karibu wana haki ya kuogopa.

Mwalimu alizikusanya karatasi zikiwa nadhifu kuliko siku zote. Mistari ilipita kutoka kaskazini kwenda kusini, myepesi, imeachana vizuri, kama ilivyokuwa kwenye kioo kikubwa cha ukutani nyuma yake. Alikaribia kuwasifu. Ila Mwalimu Subilaga alikuwa na tabia ya kupitisha kidole gumba juu ya karatasi kabla ya kuisahihisha, kama mtu anayekagua kanga dukani, na gumba lake likakwama. Karatasi ilikuwa imechakaa palepale juu ya mlima wa Ukangu. Akachukua ya pili, nayo ilichakaa mahali hapohapo. Akazibeba zote hadi dirishani, akaziinua moja moja kwenye mwanga, na kila moja ilikuwa imekonda sehemu ileile kwa kusuguliwa na kifutio.

Aliuliza ni nani aliyefuta. Wanafunzi wakatazamana kwa pembe ya jicho. Mwishowe alisimama Tumpe Kyando, binti wa Mbangala, mwanafunzi ambaye penseli yake haikuwahi kutetemeka.

"Ni mimi, mwalimu," alisema. "Namba zilinitolea duara. Nikatazama kioo, hakina duara. Nikajua nimekosea, nikafuta."

"Na mimi," alisema kijana wa nyuma yake, na uso wake ukabadilika alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Wakaanza kusimama, huyu na yule, hadi darasa zima likawa limesimama. Kila mmoja alikuwa ameliona duara. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake aliyekosea, akaona aibu, akalisugua hadi likatoweka. Mwalimu Subilaga hakuwa na nguvu ya kuwagombeza. Alichukua karatasi ya Tumpe, akailaza mezani, akapitisha penseli polepole kwenye mikwaruzo iliyobaki. Mstari wa kwanza ukajifunga, wa pili ukajifunga ndani yake, kisha wa tatu na wa nne, na katikati, juu ya paa walilokuwa chini yake, palikuwa na namba ya chini kuliko yoyote aliyopata kuichora katika milima ile. Mwaka ambao daraja la Mbangala lilichukuliwa na mafuriko pamoja na watu waliokuwa juu yake, duara lilikuwa na mistari miwili tu.

Kioo cha ukutani kilionyesha anga safi, na manyunyu yaliyopangwa saa nane mchana.

*

Mkuu wa chuo, Bwana Luvanda, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuletewa habari njema. Aliitazama karatasi, akatazama kioo cha mezani kwake, akatazama tena karatasi, kisha akafanya jambo ambalo Mwalimu Subilaga hakuwahi kumwona akilifanya. Aliinuka akafungua dirisha na kutazama nje. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima kama kifuniko cha sufuria, jeusi chini, na lilikuwa likizunguka. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa sindano ya msindano.

Alipiga simu makao makuu. Sauti ya kijana ikamjibu kwa adabu kwamba kioo chao kiko sawa na chake, na kwamba vituo kadhaa vya miteremko ya Ukangu vimeleta namba za ajabu toka juzi, hivyo mfumo umeziweka kando hadi mafundi waje kuvikagua vipimo. Bwana Luvanda akauliza mizinga ya huko imekuwa ikifanya nini. Kijana akasoma: Mbangala waliomba ukavu kwa ajili ya ujenzi wa barabara, Nyalwela waliomba ukavu kwa ajili ya kuanika maua ya pareto, na wote wamepewa. Mizinga ya pande zote mbili ilikuwa imeelekezwa mlimani, ikipasha hewa ya hapo usiku na mchana, ili mawingu ya mabonde yakae juu. Alimalizia kwa kuwatakia kazi njema.

"Wameyachota maji ya mabonde mawili wakayatundika kichwani kwetu," Mwalimu Subilaga alisema. "Na kamba inakatika."

Karatasi haikusema maji yale yangeshukia upande gani. Duara lilikuwa katikati sawasawa.

Shingoni mwa Subilaga ulining'inia ufunguo wa king'ora cha tahadhari cha Mbangala, kilichopigiwa hapo chuoni, kwa kuwa juma lile zamu ilikuwa yake. Bwana Luvanda aliutazama ufunguo, akaondoa macho haraka. Wote wawili waliijua kanuni. King'ora cha bonde kikilia, watu hukimbilia juu, na mizinga yote hugeuka kulilinda bonde hilo. Hugeukia wapi? Hugeukia upande wa pili. Ufunguo ungezungushwa hapa, wingu lote lingevutwa kwenda Nyalwela, na Nyalwela ingepigwa bila hata kujua ni nani aliyeitupia. Zamani ilikuwa kila bonde likipiga, jirani hujibu kwa kupiga, na mizinga ikawa inazunguka huku na huku kama mlevi. Ndipo Bwana Shamba akafundishwa kutii king'ora cha kwanza tu. Cha pili hakisikilizi.

Kulikuwa na aya moja kwenye mwongozo ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Ving'ora viwili vikilia katika pumzi moja, mashine haiwezi kuchagua, na mizinga yote huzima. Joto likikatika, wingu halivutwi tena popote. Linashuka palepale lilipo, juu ya misindano na nyani na mabati ya chuo.

Walikuwa wamekwisha kutuma wanafunzi wawili kwa pikipiki, mmoja kila bonde, wakawaambie watu wapande. Wa Mbangala alipiga simu baada ya muda mfupi, karibu analia. Watu walikuwa wakimwonyesha simu zao zenye manyunyu ya saa nane na kumuuliza amevuta nini.

Bwana Luvanda alivaa koti lake la mvua. Alisema atawatoa wanafunzi kwa barabara ya juu, hadi bohari la misitu lililojengwa kwa mawe, na kwamba ufunguo si wake.

*

King'ora cha Nyalwela kilikuwa chini ya Mwalimu Ngailo. Alikuwa amesoma na Subilaga chuo hikihiki, enzi za karatasi pekee, na kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akimsomea Subilaga namba naye akizichora. Sasa alikuwa na kituo chake, alifundisha kwa vioo tu, na mkewe alikuwa mwalimu katika shule ya msingi iliyo kando ya mto.

Binti wa Subilaga, Ikupa, alikuwa katika zahanati ya Mbangala, kando ya mto pia, na kichanga ambacho hakijapewa jina. Subilaga na Ngailo, kila mmoja alijua mwenzake ana nani chini bondeni.

"Kamwene, dada," Ngailo aliitikia simu kwa salamu ya kwao, kwa uchangamfu. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema kioo chake ni cheupe, na kwamba dada anahitaji likizo. Hakusema kwa ubaya. Subilaga alitamani kumtukana, akajizuia, kwa sababu alijua kwamba mtu aliyezoeshwa kioo huwezi kumtoa kwa maneno.

"Una karatasi?" alimuuliza.

Ngailo alicheka. Hakuwa na karatasi. Alitafuta, akarudi na kalenda ya ukutani, akasema nyuma yake ni nyeupe.

"Chora mlima, chora mito miwili. Usiniamini mimi. Mimi nitasoma tu."

Akaanza kumsomea vituo, na Ngailo akawa anaitikia kila anapokiweka. Mwanzoni aliitikia kwa mzaha. Mkono wake ulikuwa umesahau, akawa anauliza kituo fulani kiko kaskazini ya mto au kusini, na Subilaga alimwelekeza haraka, maana nje mwanga ulikuwa ukigeuka rangi ya shaba na nyani walikuwa wamenyamaza. Kisha mzaha ukaisha. Ikasikika penseli tu, na pumzi. Subilaga alijua sasa anapitisha mistari, na aliijua ile pumzi, ya mtu ambaye mstari unampeleka asikotaka kwenda. Alimwomba jambo moja tu, kwamba asifute.

Penseli ilikwaruza mara ya mwisho, ikasimama.

"Limejifunga," Ngailo alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Dada, limejifunga mara nne."

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia Subilaga, na haikuwa ya wingu. Maana sasa Ngailo alijua. Dakika iliyopita alikuwa mjinga asiyeweza kumdhuru mtu. Sasa alikuwa na mke kando ya mto, na karatasi mkononi, na ufunguo ukutani hatua chache tu kutoka aliposimama. Na ni yeye, Subilaga, aliyempa sababu ya kuuzungusha. Alisikia Ngailo naye akiwaza, alisikia kabisa, jinsi unavyosikia mtu anahesabu hela moyoni.

"Unao ufunguo?" Ngailo aliuliza.

"Uko tunduni," Subilaga alisema; alikuwa ameshauvua shingoni. "Na wako?"

"Umo."

Wakaongea juu ya ile aya ya mwongozo kama watu wanaotembea juu ya mayai. Subilaga atahesabu hadi tatu, na kwenye neno tatu wote wazungushe. Yeyote atakayewahi, bonde la mwenzake limekwisha. Yeyote atakayechelewa, lake limekwisha. Hakuna aliyelisema hilo kwa ukali.

"Mwamba ngoma huvutia kwake, dada," Ngailo alisema taratibu. "Nitajuaje?"

"Hutajua. Na mimi sitajua."

*

King'ora kilikuwa kwenye sanduku jekundu ukutani mwa darasa, karibu na dirisha. Subilaga aliweka simu kwenye kizingiti cha dirisha, sauti ikiwa juu, akashika ufunguo kwa mkono wa kulia. Akasikia hatua nyuma yake, akageuka. Tumpe hakuwa amekwenda na wenzake. Alikuwa amesimama mlangoni, koti halijafungwa vifungo, macho yake kwenye ufunguo.

Subilaga alifunika simu kwa kiganja, akamwambia aondoke, wingu litashuka hapa. Tumpe hakusogea. Alisema mama yake na wadogo zake wanaishi chini ya zahanati, nyumba ya tatu. Kisha akasema lile ambalo Subilaga alikuwa akilikimbia tangu ofisini mwa Bwana Luvanda.

"Mwalimu, ukipiga sasa hivi, peke yako, nani atajua?"

Subilaga aliuona uso wa kichanga kisicho na jina, kimefungwa kwenye kitenge, na maji ya udongo yakiingia chini ya mlango. Akatoa kiganja kwenye simu.

"Kaka Ngailo."

"Nipo."

"Uko tayari?"

"Hesabu."

Radi ilipiga mahali fulani ndani ya wingu, bila mwanga, vioo vya madirisha vikalia. Kioo cha ukutani kiliendelea kuonyesha anga safi. Subilaga alivuta pumzi.

"Moja," alisema.

Akamsikia Ngailo akipumua. Akasikia kitu kingine, au alidhani amesikia, mlio mdogo wa chuma kugusana na chuma, na hakujua kama ni ufunguo wa Nyalwela au meno yake mwenyewe. Anaweza kuwa anazungusha sasa. Anaweza kuwa ameshazungusha. Alikuwa mtu mwema, na watu wema nao wana wake zao.

"Mbili," alisema, na mkono wake ukazunguka.

Hakuuamuru. Angeapa mbele ya mchungaji kwamba hakuuamuru. Ufunguo uligeuka wenyewe ndani ya vidole vyake, king'ora kikapasuka juu ya paa na kushuka bonde zima la Mbangala, na neno tatu likabaki limekwama kooni kama mfupa wa samaki. Nimemuua, aliwaza. Nimeiua Nyalwela yote.

Ndipo aliposikia simu. Ilikuwa ikilia kwa sauti ileile, nyembamba zaidi, kutoka mbali. Kilikuwa king'ora cha Nyalwela. Hakikuanza baada ya chake, wala hakikujibu. Kilikuwa kimeanza nacho.

Aligeukia dirisha. Kwenye kingo zote mbili taa za mizinga zilimulika nyekundu, minara ikaanza kugeuka huku, ikasita, ikageuka kule, ikasita tena. Kisha taa zikazimika moja baada ya nyingine, kama wanavyozima taa bwenini. Mngurumo wa mizinga ambao walikuwa wameuzoea kwa siku nyingi hadi wakasahau kuusikia ukakatika. Chini, mbali, watu walianza kuonekana wakipanda miteremko ya Mbangala, wadogo kama siafu, na miongoni mwao lazima alikuwamo Ikupa. Juu ya paa, wingu lilikuwa limeacha kuzunguka na lilikuwa likishuka.

Subilaga aliirudia simu. Laini ilikuwa bado wazi. Pande zote mbili ving'ora vilikuwa vikilia.

"Dada," Ngailo alisema. Alikuwa akihema. "Ulifika tatu?"

Matone ya kwanza yaligonga bati, mazito kama changarawe.

"Nilifika," alisema.

"Eh," Ngailo alisema. "Nami nilikusikia."

Laini ikakatika. Subilaga alipogeuka, Tumpe alikuwa bado mlangoni, ambako kila neno lilisikika vizuri. Binti yule alimtazama mwalimu wake kitambo kidogo, kisha akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja hadi shingoni, akamshika mkono, wakatoka mbio kwenye mvua.